Sanduku la Mzee Bonifasi na Mvua za Masika

Yusufu na Divina, mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu hulala upande kama majani yaliyopitiwa na ng'ombe, na maneno mengine najua nimeyaandika vibaya ila sijui yapi. Niliishia shule ya msingi, na hata huko nilikaa nyuma ili mwalimu asinione. Ukurasa mmoja hunichukua asubuhi nzima. Mkikwama mahali, someni kwa sauti. Sikio huelewa kabla ya jicho.

Siku nilipoaga kazi kwenye klabu yetu ya shabaha mliniuliza mbele ya watu wote: bastola ya mashindano isafishwe mara ngapi? Nikatabasamu nikanyamaza, nanyi mkadhani nawanyima. Sikuwanyima. Jibu lilikuwa refu, chumba kilikuwa kimejaa, na mnanijua: wakinitazama watu zaidi ya watatu, maneno yananikimbia. Kwa hiyo nalileta hapa, polepole.

Wengi hushangaa nikisema nimestaafu, maana kichwani sina hata mvi moja. Daktari ndiye aliyesema masikio yangu yamezeeka peke yao, mwili umebaki nyuma. La kushoto linalia mchana kutwa kama nyenje. Miaka ya kwanza nilikuwa nikivua vikinga masikio kwenye safu ya kupiga ili nisikie anachosema Mzee Gasipari. Nyinyi msivue. Mwenye neno na angoje bastola zinyamaze ndipo alitoe.

Mzee Gasipari hamkumkuta kazini, kwa hiyo niwaeleze. Ndiye alikuwa fundi wa bastola wa klabu tangu mwanzo. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, wazazi wake wakiwa wakimbizi, na huko alijifunza kutengeneza cherehani kabla ya kurudi Rwanda. Ndiyo sababu mezani kwetu kazi yote husemwa kwa Kiswahili, hata wakikaa Wanyarwanda peke yao. Mimi nilikuja kufyeka nyasi za kile kilima cha udongo kinachopokea risasi. Siku moja alinikuta dirishani namtazama, akanyoosha kidole kuniita, nikaingia na fyekeo mkononi.

Alinipa bastola. "Iko tupu?"

"Ndiyo, Mzee."

"Nani amekuambia?"

"Umeniambia wewe, sasa hivi."

"Mimi ni mdomo tu. Mdomo umezika watu wengi. Toa magazini, fungua, tazama, kisha ingiza kidole. Jicho likidanganywa, kidole kitakataa."

Nilifanya hivyo, akaninyang'anya, akaifunga, akanipa tena. "Iko tupu?" Siku ile na siku zilizofuata sikufundishwa kingine. Sikukiona kibaya. Nyumbani Gahanga, mama alisikia nimeanza kushika bastola. Kesho yake nilikuta ameweka beseni la maji na sabuni nje ya mlango, na shati jingine limetundikwa hapo. Hadi leo hakuna siku niliyoingia nyumba ile na harufu ya mafuta ya bunduki mikononi.

Vifaa vyetu mnavijua, ila hamjui vilikotoka. Ule ufito wa shaba Mzee aliuchonga mwenyewe, kwa sababu shaba ni laini na haiwezi kuikwaruza mifereji iliyo ndani ya mtutu. Unausukuma kutoka nyuma kwenda mbele, kama risasi inavyokwenda, maana mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi. Ukiuumiza mdomo, kila risasi itaondoka na kinyongo. Vitambaa ni mashuka ya zamani. Vile vichupa vya mafuta vyenye mdomo wa kudondosha vililetwa na Mzee Bonifasi, aliyekuwa na duka la dawa kule Kinyinya na alikuwa mpigaji wetu bora. Vilikuwa vya dawa ya macho. Alipovileta alisema, "Gasipari, mpe mgonjwa tone moja. Ukizidisha unamuua." Na ni kweli. Mafuta yakizidi hushika masizi ya baruti, yakakauka, yakawa gundi. Nimefungua bastola nyingi zilizokwama, na nyingi zilikwama kwa kupendwa mno.

Hapa kwetu mnajua jinsi usafi ulivyo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi watu wanatoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya usafi, mikono bado ina udongo wa mitaro, wanapita klabuni na ile ari ya kufagia dunia nzima. Basi kila mmoja anataka kusugua bastola yake ing'ae, na kesho yake kuna mashindano. Kulikuwa na bwana mmoja wa benki aliyepitisha brashi mtutuni mpaka kitambaa kikatoka cheupe kama cha komunyo. Jumapili risasi zake za mwanzo zikaenda kila upande.

"Mzee, bastola yangu iko mgonjwa," akalalamika.

"Haiumwi. Umeivua nguo ukaipeleka sokoni."

Maana yake ni hii. Risasi hizi ndogo zimepakwa nta, na zinapopita huacha utando mwembamba ndani ya mtutu. Zinazofuata huteleza juu ya utando huo, ndipo zinakwenda mahali pamoja. Ukiuondoa wote, lazima upige kadhaa za bure kwenye kilima kabla ya kuanza kuhesabu alama. Kwa hiyo kila siku ya kupiga, futeni chemba, pale risasi inapokaa, na sehemu zinazosuguana, pitisheni kitambaa kikavu, tone la mafuta, basi. Brashi iingie ndani pale tu matundu kwenye karatasi yanapoanza kuachana bila kosa la mpigaji, au bastola inapoanza kukohoa. Kuifungua yote, msimu unapoanza na unapoisha. Ndivyo Mzee alivyonifundisha, na kwa bastola inayopigwa hakukosea.

Kwa bastola isiyopigwa hakuwa na kanuni. Hakuna aliyewahi kuifikiria. Sasa niwaambie jinsi tulivyoipata.

Mzee Bonifasi alifariki kabla tu ya mvua za masika. Ugonjwa ulikuwa mfupi. Bastola yake ilikuwa kwenye stoo ya chuma, kama zote, maana hakuna anayeruhusiwa kwenda na yake nyumbani. Ilikuwa ndani ya lile sanduku la mbao lililowekewa sifongo, limekatwa kufuata umbo lake. Mshikio wake ulichongwa kufuata mkono wake, mtu mwingine akiushika anajua mara moja kwamba amevaa kiatu cha mwenzake. Binti yake, Klodina, ni muuguzi. Alikuwa akipiga tangu msichana kwa bastola za klabu, na wakati ule ndipo jina lake lilipoanza kutajwa kwenye kuchagua timu ya kwenda Nairobi. Aliomba kibali cha bastola ya baba yake kihamie kwake. Akaambiwa angoje.

Siku ya mazishi, dada wa marehemu, Shangazi Berina, alimfuata Mzee Gasipari. Ni mama mrefu, sauti yake hairudiwi.

"Vitu vya kaka yangu visiguswe mpaka tumalize kuomboleza. Hata hicho chuma chake."

"Ndivyo, mama. Hakitaguswa."

Wengine siku hizi humaliza kwa wiki moja. Familia ile ilishika ya wazee: mwaka mzima, ndipo wanafanya sherehe ya kwera, wanavaa nyeupe, wanarudi kwenye kazi na furaha. Mzee Gasipari aliyakulia haya mambo ughaibuni kwa kusimuliwa tu, na nadhani ndiyo maana aliyashika kwa nguvu kuliko waliozaliwa nayo hapa. Alifunga kamba nyeusi kwenye sanduku, akaliweka rafu ya juu.

Mvua zikaja. Mnaijua ile stoo. Ukuta wa nyuma unatoka jasho. Nilimwambia mara moja, kwa kunong'ona kama kawaida yangu, "Mzee, unyevu." Akatazama juu, akatazama chini. "La marehemu halifunguliwi na sisi kabla ya watoto wake." Mvua za masika zikapita, kiangazi kikaja, vuli ikafuata. Wote tulipita chini ya sanduku lile tukiona tunampa marehemu heshima yake.

Siku ya kwera walikuja klabuni moja kwa moja kutoka kwenye misa. Klodina na shangazi yake walivaa mishanana, yale mavazi meupe ya kufunga begani, na nilitandika gazeti kwenye benchi wasichafuke. Kibali kilikuwa kimetoka. Kilibaki kitu kimoja: mkaguzi wa silaha angekuja mwisho wa mwezi kuiona bastola. Ikiwa salama, ni ya Klodina. Ikiwa mbovu, inachukuliwa kwenda kuharibiwa, na hakuna rufaa.

Shangazi alikata kamba. Mzee akafungua kifuniko.

Harufu ilitangulia, kama ya chumba kilichofungiwa viazi. Sifongo lilikuwa limenywa maji mwaka mzima na kuikumbatia bastola. Mshikio ulikuwa na ukungu mweupe. Chuma chote cha upande wa chini kilikuwa rangi nyekundu ya barabara ya Bugesera kabla haijawekwa lami.

"Yesu Mariya," alisema Shangazi.

Klodina hakuigusa. Aliuliza, taratibu, "Hii kitu, nani ilikuwa kazi yake kufungua?"

"Mimi," alisema Mzee Gasipari.

"Hapana," alisema Shangazi. "Mimi ndiye nilikataza. Usibebe cha kwangu."

"Mama, wewe hujui chuma. Mimi nakijua."

"Na wewe hujui kaka yangu! Angelikutukana, nawe ungestahili."

Wakaanza kugombania lile kosa kama watu wanaogombania kulipa chai. Klodina akawakatiza. "Nyinyi wote mnyamaze. Itapona?"

Mzee alitoa magazini, akafungua, akatazama, akaingiza kidole, maana hata siku ile hakuruka hatua. Kisha akaielekeza dirishani, akatazama ndani ya mtutu kwa muda mrefu. Akanipa mimi. Wakati huo macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na alikuwa bado hajamwambia mtu.

"Unaona nini?"

Watu watatu walinitazama. "Kutu," nikasema. "Huku chemba ni kidogo. Kwenye mdomo ni nyingi."

Tuliulaza mtutu kwenye mafuta mepesi, tukaacha mafuta yafanye kazi. Klodina alikuwa akitoka hospitali anapitia kwetu, bado na sare, anavua saa na kuketi. Alitaka kusugua kwa nguvu. Mzee akamshika mkono. "Mwanangu, kutu ukiigombeza inaondoka na chuma. Ibembeleze." Kwa hiyo ilikuwa kitambaa, mafuta, kungoja, kitambaa. Mwanzo kilitoka kama kimepitishwa kwenye tope. Baadaye kikawa rangi ya chai ya maziwa, kisha kijivu. Mshikio aliusafisha Klodina mwenyewe, kwa siki na kitambaa. Siku moja aliufunga mkono wake juu yake, ukamkataa, akaucheka. "Baba alikuwa na vidole kama ndizi."

Kutu ilipoisha tukaona ilichokula. Karibu na mdomo wa mtutu kulikuwa na vishimo kama alama za ndui. Hilo halina dawa. Kutu unaiondoa, lakini ilichokula hairudishi. Mtutu mwingine haukupatikana. Kiwanda kiliacha zamani kutengeneza aina ile.

Mkaguzi alikuja, mtu mpole mwenye kofia mkononi. Aliangalia namba, akaingiza taa mtutuni. "Mara ya mwisho ilisafishwa lini kabla ya hapa?"

Mzee alimweleza yote, pamoja na kamba nyeusi. Mkaguzi akakuna shingo. Akaifunga kwenye kile kishikizo cha majaribio, tukarudi nyuma, akapiga. Haikupasuka, haikuvimba. Tukaenda kutazama karatasi. Bastola ile, enzi za mwenyewe, ilikuwa ikiweka risasi zake kwenye duara la kifuniko cha soda. Sasa zilitawanyika kwenye ukubwa wa sahani.

"Ni salama," alisema mkaguzi. "Lakini kibali ni cha bastola ya mashindano. Siyo ya kumbukumbu. Kumbukumbu hazina kibali. Isipoingia kila shindano la msimu, ikikaa tu kwenye sanduku, mwakani nitaichukua."

"Ikishindana na ikashindwa je?" aliuliza Klodina.

Mkaguzi alifikiri. "Sheria inasema kushindana. Haisemi kushinda."

Mnaijua kanuni ya klabu: katika shindano moja, mpigaji mmoja, bastola moja. Nilimwona Klodina akihesabu moyoni. Kwa bastola ya klabu alikuwa na nafasi kwenye timu. Kwa ile ya baba yake hakuwa nayo, hata apige kama malaika, na wachaguzi walikuwa wakitumia mashindano yetu yote ya msimu. Mzee Gasipari akamwambia, "Bonifasi angesema uende Nairobi. Chuma ni chuma."

"Najua angesema hivyo."

"Basi?"

"Alikuwa akisema mambo mengi, Mzee. Hata dawa za duka lake alikuwa hanywi."

Jumapili iliyofuata aliingia safuni na bastola ya baba yake, mshikio umejazwa vipande vya ngozi ili umtoshe. Mwalimu Otieno, Mkenya wa safu ya tatu ambaye ulimi wake mnaujua, alitazama karatasi yake kwa darubini akapaza sauti: "Klodina, leo umekuja kupiga ama kupalilia?"

"Kupalilia, mwalimu. Wewe vuna."

Watu wakacheka, naye akacheka. Alikuwa wa pili kutoka mwisho. Msimu ule wote alikuwa pale pale, na Otieno, baada ya mtu kumweleza, alikoma kutania na akawa anamwekea nafasi ya kivulini. Timu ilikwenda Nairobi bila Klodina. Sikumsikia akilalamika, ila siku ile walipoondoka alikaa mezani kwetu akaifungua bastola yote mpaka pini ya mwisho, na haikuwa na uchafu wowote. Mzee alimwona akikiuka kila alichotufundisha. Akamsogezea mafuta.

Tangu wakati huo kukawa na kanuni. Kila Jumamosi kila sanduku hufunguliwa, la aliye hai, la aliyesafiri, la aliyefariki. Bastola inatolewa, inafutwa, sifongo linaanikwa. Na mwanachama anapofariki, fundi huenda msibani kuomba ruhusa ya kufungua. Mzee Gasipari alikwenda mwenyewe mara zote, mpaka macho yalipopofuka kabisa na akabaki nyumbani Busanza. Baada yake nilikwenda mimi. Nilisimama mbele ya wafiwa, jasho linanitiririka, nikasema sentensi yangu moja. Hakuna familia iliyokataa. Sasa ni zamu yenu, na Divina asije akamwachia Yusufu tu kwa kuwa Yusufu anapenda kuongea.

Hilo ndilo jibu. Inayopigwa, isikilizeni yenyewe. Isiyopigwa, msiingoje iseme.

Nimeandika haya yote sasa kwa sababu moja. Klodina amehamishiwa hospitali ya Huye. Atakuja siku za mashindano, ameniahidi, lakini Jumamosi hataweza tena, na mimi sipo. Mkaguzi bado huja kila mwaka na taa yake. Vile vishimo hushika unyevu kuliko chuma kizima, wiki mbili za mvua zinatosha kuvichimba zaidi, na bastola ile haina tena nafasi ya kupoteza hata kidogo. Sanduku ni lile la rafu ya juu. Sifongo tulilitupa, sasa ni kitambaa cha pamba.

Naomba mniandikie. Msiogope mwandiko, mmeuona wangu. Kila nikienda Busanza Mzee ananiuliza habari za meza, nami sina cha kumjibu, kwa hiyo barua yenu nitamsomea. Andikeni kama mvua imeshaanza huko bondeni, na nani kati yenu alifungua sanduku la Mzee Bonifasi Jumamosi hii. Na kama hakuna aliyelifungua, msitafute maneno mazuri ya kunieleza. Lifungueni kwanza, ndipo mwandike.

Ni mimi,
Rukundo